Bibi Alipopinga Mada

Karatasi mpya ya manila ina harufu yake. Wewe uliyesoma shule ya msingi miaka tuliyosoma sisi unaijua: inatoka dukani imeviringishwa na kufungwa mpira, ukiikunjua inanuka gundi na vumbi, na mwalimu akishaichora kwa maka peni inaongeza harufu nyingine kali ya kuwasha pua. Juzi nilinunua manila mjini Moshi, nikazibeba kwapani hadi darasani, na nilipozikunjua mezani nikajikuta nimevuta kiti nikakaa. Msidhani nilizidiwa na huzuni. Nilichoka tu. Nimechoka siku nyingi, na harufu ile ilinikuta katikati ya uchovu wangu.

Kazi yangu ni kufundisha watu wazima Kiingereza cha kuongea. Wapo wapagazi wanaotaka kuwa waongoza watalii, wapo wahudumu wa hoteli, na yupo dada mmoja wa Pasua anayeuza vitenge na hapendi kuchekwa na wateja wake wa kigeni. Somo la wiki hii ni misemo ya majadiliano: ukikubaliana na mtu unasemaje, ukimpinga unasemaje, ukitaka kumkatiza bila kumvunjia heshima unasemaje. Nimelifundisha mpaka mdomo unakwenda wenyewe. Naandika, wanarudia kwa pamoja, na mimi pale mbele nawaza nyumbani nitapika nini. Yule dada wa Pasua akanyoosha mkono. "Madam, nikishasema hivyo kwa adabu, watanisikiliza kweli?" Nikamjibu, watakusikiliza, kwa nini wasikusikilize? Kitabu ndivyo kinavyosema, na mimi nalipwa kufuata kitabu. Lakini moyoni nilimwambia, dada yangu, laiti ungekuwa na muda nikusimulie.

Yeye hakuwa na muda, alikuwa anawahi kufungua kibanda chake. Basi nawasimulia ninyi wa rika langu, ambao mlivishwa kibao.

Kibao mnakikumbuka. Shule yetu ilikuwa ya Kiingereza, hapa hapa Moshi, na ukikamatwa unaongea Kiswahili ulivishwa kibao shingoni, ukatembea nacho mpaka umsikie mwenzako naye anateleza, ndipo unamvisha yeye. Mapumziko yalikuwa kimya kama msibani, watoto tunaoneshana kwa vidole nani ampe nani embe. Ilipofika Ijumaa tukafunguliwa midomo, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku ya mdahalo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alibandika manila kubwa ukutani yenye misemo ya mdahalo. Ya kukubali aliiandika kwa wino wa bluu na ya kupinga kwa wino mwekundu. Katika ile myekundu, wa kwanza kabisa ulikuwa "I see your point, but". Maana yake nimeielewa hoja yako, lakini. Alitufundisha kwamba mtu mstaarabu hapingi hivi hivi tu. Kwanza anakiri kwamba amemsikia mwenzake, ndipo anaweka lile lakini lake. Ukiisahau ile "but" anakukata maksi. Ukisahau kusema "Excuse me" kabla hujaingilia, anakukata nyingine.

Na mada ilikuwa ipi? Ile ile. Maisha ya mjini ni bora kuliko maisha ya kijijini. Sijui kama kuna shule katika nchi hii ambayo haijawahi kuijadili. Mwalimu aligawa darasa kwa mikono yake: ninyi wa dirishani ni mjini, ninyi wa mlangoni ni kijijini. Hakuna aliyekuuliza wewe mwenyewe unapenda wapi. Mimi nilikaa dirishani, kwa hiyo nilikuwa mjini, na niliutetea mji kwa nguvu zote: hospitali ziko karibu, taa zinawaka, kuna watu wengi wa kukuchangamsha. Mwisho darasa lilipiga makofi, upande uliopigiwa zaidi ukatangazwa mshindi, tukapeana mikono na kwenda kunywa uji pamoja. Wiki iliyofuata tukabadilishana pande, nami nikaukana mji bila aibu yoyote.

Kwa hiyo nilikua nikijua jambo moja kwa hakika: watu wakibishana kwa Kiingereza, hakuna anayemaanisha. Ni mchezo. Una pande mbili, una misemo yake, una makofi yake, na mwisho kuna uji.

Bibi, mama yake baba, aliishi Marangu, kule juu ambako gari lilibidi liwekwe gia ya kwanza na sisi watoto tushuke tulisukume kwenye matope. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa cha migomba kwa juu na kahawa kwa chini, na magimbi kando ya mfereji. Babu alizikwa humo humo, hatua chache kutoka jikoni, na bibi alipokuwa anaosha vyombo alimsemesha kama mtu aliyelala tu chumba cha pili. Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyeitwa Neema, wa kufungiwa ndani na kuletewa majani. Nyumba nzima ilinuka moshi, maziwa na huyo Neema, na nilipokuwa narudi mjini mwisho wa likizo sikuruhusu sweta langu lifuliwe mpaka harufu iishe yenyewe.

Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo mimi na bibi tulikuwa na jina moja, na yeye hakuniita mjukuu, aliniita wajina. "Wajina, umekonda, huko mjini wanakulisha karatasi?" Akinituma kitu nikichelewa alisema, "Huyu sio wajina wangu, huyu wamembadilisha hospitali." Alikuwa na mdomo, bibi yangu. Padri mwenyewe alikuwa anamkwepa kidogo baada ya misa.

Mwaka huo wa midahalo, mvua za vuli zilipokuwa zinamalizikia, bibi alianguka. Alibeba mzigo wa majani ya Neema, akateleza pale kwenye mfereji, akavunjika mkono, na akalala matopeni mpaka jirani aliyekuja kuazima panga akamwona. Wanawe walipata simu wakiwa makazini. Baba alipanda siku hiyo hiyo kutoka mjini akamkuta amefungwa plasta na anagombana na muuguzi. Baba mdogo alikuwa Dar es Salaam, akalia kwenye simu mpaka mama yangu akamnyang'anya baba simu akamtuliza.

Niseme habari za baba mdogo, maana msije mkamchukia bure. Alikuwa kitinda mimba. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mama akiwa ndani ya hiyo nyumba ni wake wa kutunza. Wakubwa wanagawiwa kwingine, kama baba alivyopata kwake mjini. Sasa baba mdogo kazi yake ilikuwa Dar, mke na watoto Dar, na nyumba yake ya urithi pamoja na mama yake viko mlimani. Kila kikao cha ukoo wazee walimuuliza atarudi lini. Alikuwa amechoka. Zamani sikuuona uchovu ule, sasa nauona kila nikijitazama kwenye kioo. Aliamua kwamba kama yeye hawezi kupanda, basi mama atashuka.

Bibi alishakataa. Alikataa kwenye simu, alikataa baba alipomjia na habari hiyo mara ya kwanza, na alikataa mbele ya katekista aliyetumwa kumshawishi. "Niende Dar nikafanye nini? Nikakae kwenye kochi kama mgeni? Neema nimwachie nani, na babu yenu abaki na nani?" Nilikuwepo siku moja aliposema hayo, na baba alitazama viatu vyake tu.

Krismasi ikafika. Mnajua kwetu Krismasi, hata aliyesusa anapanda. Baba mdogo alikuja na gari la kuazima, mke wake, watoto, na simu yenye kamera ambayo miaka hiyo ilikuwa kitu cha kujidai. Nyumba ilijaa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshaiva, na bibi kama mwenye nyumba alionja yeye kwanza ndipo akawapa wengine, kama inavyotakiwa, mkono wake wa plasta umening'inia kwenye kanga.

Jioni ya mkesha baba na baba mdogo walikaa barazani. Bibi alikuwa hatua mbili kutoka kwao, ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi za kupika machalari kwa mkono mmoja, mimi nimemshikia. Walikuwa wanaongea Kichagga cha kawaida, habari za barabara na bei ya kahawa. Mara baba mdogo akamtazama bibi kwa pembe ya jicho, akahamia Kiingereza. Akaanza na "In my opinion", yaani kwa maoni yangu.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Ulikuwa msemo wa kwenye manila yetu! Nikaacha ndizi nikatega sikio. Baba mdogo akaendelea: mjini hospitali iko karibu, umeme upo, watoto watamchangamsha. Zilikuwa hoja zangu mimi, zile za dirishani, moja baada ya nyingine. Baba akamjibu kwamba kijijini kuna hewa safi, chakula kinatoka shambani, na watu wanajuana. Hoja za mlangoni! Nikajua wanacheza mdahalo, na mada ni ile ile, na baba yangu kapangiwa kijijini. Nikaanza kumshangilia baba kimoyomoyo.

Baba mdogo akauliza, na kama siku moja ataanguka na jirani asije kuazima panga?

Baba akasema, "I see your point."

Nikasubiri "but". Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari, haikosekani. Baba akachukua kata ya mbege, akanywa, akafuta midomo, akatazama migomba. "But" haikuja. Nilimhurumia jamani, nikaona baba wa watu amesahau na atakatwa maksi. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba hakusahau.

"Wajina," bibi akaninong'oneza, "hao wanasema nini?"

"Wanafanya mdahalo, bibi," nikamwambia. "Baba mdogo yuko upande wa mjini, baba yuko upande wa kijijini."

"Aha. Na mimi niko upande gani?"

"Wewe huna upande. Wewe ni msikilizaji. Wasikilizaji wanapiga makofi mwishoni."

Kisu kikasimama. Alinitazama, halafu akawatazama wanawe, halafu akarudi kumenya, lakini sasa anakata maganda manene na nyama ya ndizi ndani yake, jambo ambalo angemwona mtu mwingine analifanya angemnyang'anya kisu. "Msikilizaji," akasema. "Nyumbani kwangu. Eeh Ruwa." Huyo Ruwa ni Mungu kwa Kichagga, na bibi alimwita kwa jina hilo akiwa na hasira tu, akiwa na amani alimwita Mungu Baba.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya misa, alinikuta zizini namlisha Neema. Akafunga mlango nyuma yake. Akaniambia nimfundishe.

"Nikufundishe nini, bibi?"

"Hicho mnachosema ukitaka kukataa. Kwa Kichagga nimeshawaambia siendi. Kwa Kiswahili nimeshawaambia siendi. Labda hicho Kiingereza ndicho wanachosikia."

Nami mtoto wa watu nikawa mwalimu. Nilivaa ukali wote wa mwalimu wangu, nikashika mwiko wa kukorogea pumba kama fimbo ya kuoneshea, nikamsimamisha bibi karibu na kichwa cha ng'ombe. Nilimchagulia msemo mfupi: "Excuse me, I do not agree." Nikamweleza maana yake, samahani, mimi sikubali. Akanisikiliza, akakunja uso.

"Samahani ya nini? Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu. Ndivyo inavyosemwa."

"Nimewazaa, nimewasomesha kwa kahawa hii hii, niwaombe samahani ili niseme sitaki? Toa hilo neno."

"Bibi, halitoki! Ukilitoa unakatwa maksi. Ukilisema, lazima wakusikilize, hata kama hawataki. Hawawezi kukukatiza."

Hapo akatulia. Akamkuna Neema kwenye paji la uso, anawaza. "Lazima?"

"Lazima. Mwalimu alisema."

"Basi ni isale," akasema.

Isale mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, ila wengine mjue: ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba. Ukiwa umemkosea mtu, au una ombi zito, unalifunga fundo jani la isale unamwendea nalo. Akiliona mkononi mwako amefungwa. Hawezi kukufukuza, hawezi kukugeuzia mgongo. Atakusikiliza, na ombi lako atalipokea, hata kama alikuwa ameapa. Watu wameacha kisasi cha damu kwa ajili ya jani hilo. Bibi aliniambia kwamba siku nyingi alitamani kuwapelekea wanawe isale, lakini haiwezekani, mama hampelekei mwanawe isale, mwana ndiye anayemletea mama. Ingekuwa aibu kwake na laana kwao. Sasa nimemletea neno linalofanya kazi ile ile bila aibu. "Kumbe wazungu nao wana isale yao," akasema, na nikaona uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu avunjike mkono.

Nikamwambia ndiyo, bibi, ni hivyo hivyo. Niliamini hivyo kabisa. Mwalimu wetu hakutufundisha kwamba kuna mtu anaweza kuambiwa maneno yote ya ukutani kwa mpangilio wake, akayaelewa, na asifanye lolote.

Tulirudia mpaka kengele ya kanisa ikalia. "Eksikyuzi mi," anasema, "ai du noti agirii." Ile ya mwisho ilimshinda kwanza, ulimi ukawa unaikimbilia, nikamwambia polepole, bibi, ivute. Akaivuta. Njiani kwenda kanisani aliisema chini chini, na wakati wa sala ya waamini, nyie, nilimsikia kabisa midomo inacheza.

Mchana mbuzi alichinjwa. Wanaume walikunywa kisusio chao, supu ya damu ya mbuzi, huko migombani, halafu wote tukakusanyika uani: wanawe, wake zao, wajukuu, na ndugu wachache wa ukoo waliopita kula. Baada ya chakula baba mdogo akasimama kushukuru. Alishukuru kwa Kichagga, akatania kwa Kiswahili, na alipofika kwenye jambo lenyewe akahamia Kiingereza, akimtazama baba. Alisema wamekubaliana, ni kwa faida ya mama, na kwamba gari litaondoka kesho yake asubuhi.

Bibi akaweka sahani chini. Akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni kwa mkono wake mmoja na mimi nikamsaidia upande wa pili.

"Eksikyuzi mi," bibi akasema kwa sauti kubwa.

Ua mzima ukamgeukia. Hata watoto.

"Ai du noti agirii."

Aliivuta ile ya mwisho vizuri, kuliko alivyowahi kuivuta zizini. Halafu akabaki amesimama, kidevu juu, anasubiri.

Wa kwanza alikuwa mke wa baba mdogo, alipiga kigelegele. Kisha kila mtu. Walipiga makofi, walicheka mpaka wakashikana mabega, mzee mmoja wa ukoo akagonga fimbo yake chini akisema "Mama amesoma! Mama amesoma!" Baba mdogo alitoka mbio akamkumbatia bibi akamwinua juu kidogo, machozi ya kicheko yanamtoka. "Rudia, mama, rudia nikurekodi!" Akatoa ile simu. Bibi akarudia. Wakapiga makofi tena, zaidi ya mara ya kwanza. Baba naye alipiga, ila alipiga bila kutazama mbele.

Na mimi? Mimi nilikuwa juu mbinguni. Kwetu shuleni upande uliopigiwa makofi mengi ndio umeshinda, na hapakuwa na makofi mengi kuliko yale. Nilimrukia bibi nikamwambia tumeshinda, bibi, tumeshinda! Naye aliniamini, kwa sababu zake. Anayepokea isale husimama, husogea, hukumbatia. Mwanawe alisimama, akasogea, akamkumbatia. Kwa hesabu za darasani kwangu na kwa hesabu za mlimani kwake, jambo lilikuwa limekwisha.

Jioni ile alikuwa mwepesi kama msichana. Alinituma nikate majani ya Neema mengi, ya siku za mbele, akanielekeza niyapange wapi yasilowe. Alimwambia jirani wa panga kwamba haendi popote, ameshaongea na wanawe wakaelewana. Aliniahidi kwamba likizo ijayo atanionesha jinsi ya kukoroga mbege, maana wajina wake hawezi kuolewa hajui kukoroga mbege. Alipita kaburini akamweleza babu pia. Nilimsikia akimwambia kwa Kichagga kwamba watoto wetu wamekuwa watu wazuri.

Bibi alirudi Marangu baadaye, miaka kadhaa baadaye, lakini alirudi kwa namna ile tunayorudishwa wote, na tukamlaza migombani kando ya babu. Dar hakunyanyaswa. Alitunzwa, alinenepa kidogo, kochi alilipata, na wajukuu wa kule walimpenda. Baba mdogo aliwaonesha wageni ile video mpaka simu ikafa. Nayasema haya kwa haki yake. Na mimi sasa nina mama anayezeeka, nimeshaanza kuongea na ndugu zangu kwa lugha asiyoijua vizuri, na nimewahi kujisikia natamka "I see your point" na kunyamaza hapo hapo. Ndiyo maana nasema nimechoka, na ndiyo maana yule dada wa Pasua nilimjibu kama kitabu.

Asubuhi ya safari niliamshwa na sauti ya Neema. Mnunuzi wa ng'ombe kutoka soko la Kwa Sadala alikuwa amekuja kumchukua, amemfunga kamba, na Neema alikuwa amekita miguu mlangoni mwa zizi hataki kutoka. Bibi alitoka jikoni na bakuli la unga mkononi. Aliona kamba. Aliona mifuko yake imeshapangwa nyuma ya gari, na godoro lake limekunjwa. Alimwita baba kwa jina lake la ubatizo, na baba akajifanya anahangaika na tairi.

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa namngojea apige kelele, maana mdomo alikuwa nao. Lakini aliweka unga chini, akanawa mkono, akaenda akamshika Neema shingoni akamwongoza mwenyewe hadi barabarani ili asichapwe. Kisha akaja akapanda kiti cha mbele, akaweka mkono wa plasta mapajani. Baba mdogo alimfunga mkanda taratibu sana, anamwita mama mama.

Watu walianza kuaga. Bibi hakumuaga mtu. Alinitafuta kwa macho, akaniita dirishani.

"Wajina, sogea."

Nikasogea. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa sielewi. Mdahalo ulikuwa umekwisha, tulikuwa tumeshinda, kila mtu alisikia makofi.

"Usilie. Niambie ukweli tu," akasema kwa sauti ya chini, ili baba mdogo aliyeshika usukani asisikie. "Lile neno la kwanza, lile la isale, nililitamka vibaya?"

"Hapana, bibi."

"Na lile la mwisho?"

"Ulilivuta vizuri kabisa."

"Hakuna neno nililoliruka?"

"Hakuna, bibi. Ulisema yote."

Baba mdogo akawasha gari. Bibi alinitazama muda mrefu, kisha akageuza uso akatazama mbele, kule barabara inakoteremka.

"Kumbe walinisikia," akasema.